Gati la Mlekwa na Bangili ya Shangazi

Paukwa!

Pakawa!

Palikuwa na nini?

Palikuwa na maji!

Yakafanya nini?

Yakapanda, yakashuka!

Sogeeni basi, wa nyuma nao wasikie. Nawe uliyeshika gunzi, litupe motoni. Mahindi yamekwisha, unatafuna hewa. Nitawasimulia kama nilivyosimuliwa. Neno nisilopewa sitalitia, na nililopewa sitaliacha.

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa wakiwasalimu watu njiani na kuitikiwa, palikuwa na ziwa lililopumua. Mvua ikinyesha mlimani, ziwa lilivuta pumzi, likavimba mpaka kwenye kingo. Mvua ikikatika, lilishusha pumzi, likanywea, likaacha tope jeusi, pana, lenye utelezi kama mlenda. Ziwa lile halikuwa na adabu ya kubisha hodi. Mtu alilala maji yakiwa mbali, akaamka yakiwa mlangoni. Siku nyingine aliyaacha mlangoni, akirudi kutoka shamba hayaoni.

Upande wa tope ulikaa mji uitwao Kitopeni. Watu wa Kitopeni walikuwa wasokota kamba, na sifa yao kubwa ilikuwa mafundo. Mtoto wa Kitopeni akifunga mzigo wake wa kwanza wa kuni, mkubwa mmoja huja akajaribu kupitisha kidole chake kidogo kati ya kamba na kuni. Kidole kikipita, mzigo hufunguliwa, mtoto akaanza upya. Kisipopita, mtoto hupewa uji wa maziwa na jina lake husifiwa. Na walipofunga kitu chochote, paa la nyumba au mdomo wa gunia, waliimba:

*Kaza, ndugu, kaza!*
*Kidole kisipite, kaza!*
*Upepo usipite, kaza!*
*Hata chawa asipite, kaza!*

Mwenye kidole kilichoogopwa kuliko vyote alikuwa Bi Nyamizi, mama mtu mzima, mwembamba, mwenye bangili nzito ya shaba mkono wa kulia. Kidole chake kilikuwa chembamba kama njiti ya ufagio. Fundo lililopita kwa wengine wote lilishindwa kwake.

Bi Nyamizi huyu alimlea mtoto wa kaka yake, jina lake Mlekwa. Mlekwa akakua, akawa kijana mpole, mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Siku moja alikuja msichana kutoka Ng'ambo, upande wa pili wa ziwa, akiwa na vyungu vya kubadilishana na kamba. Msichana mwenyewe aliitwa Sikudhani. Mlekwa akamfungia vyungu vyake tayari kwa safari.

Sikudhani akavitikisa, havikutikisika. Akasema, "Kaka wee, umevifunga hivi, atakayenioa itabidi aje na panga ndipo tupike."

Mlekwa akatazama chini, akasema, "Panga ninalo."

Sikudhani akacheka mpaka akakalia chungu, kikapasuka. Mambo yao yalianza hapo.

Posa ikapelekwa, mahari ikapokelewa. Likabaki jambo moja. Watu wa ziwa lile walikuwa na desturi: bibi harusi hakanyagi tope. Mguu unaoanza ndoa kwa kuteleza, walisema, hautasimama tena. Wala habebwi mgongoni, kwa sababu anayebebwa ni mgonjwa au mtoto, na bibi harusi si mmoja wao. Atashuka mtumbwini kwa miguu yake mwenyewe, mikavu, na kwa miguu hiyohiyo ataingia nyumbani kwa mumewe.

Mzee Ruhende, baba yake Sikudhani, akasema, "Mkwe, mji wenu mzuri, ila hauna pa kushukia. Jenga gati. Likisimama, nitamleta binti yangu. Nitamleta mara ya kwanza, nitamleta mara ya pili, nitamleta mara ya tatu. Baada ya hapo kuna kijana wa Majabalini anayeulizia kila siku. Kwao ukingo ni jiwe tupu, mtumbwi unasogea kama mtu anavyosogelea mkeka."

Mlekwa akaitika, akarudi nyumbani, akaanza kazi. Alikata magogo mepesi yanayoelea. Alifunga matita ya mafunjo, akayalaza chini ya magogo ili yayabebe. Juu akatandika fito. Likawa gati pana, la kutosha watu na ngoma zao. Kisha akachimbia nguzo nne ziwani, akalisogeza gati katikati yake, akalifunga kwa kila nguzo, na mji mzima ukamsaidia kuimba:

*Kaza, ndugu, kaza!*
*Kidole kisipite, kaza!*
*Upepo usipite, kaza!*
*Hata chawa asipite, kaza!*

Bi Nyamizi akaja, akajaribu kidole nguzo ya kwanza. Hakikupita. Ya pili, hakikupita. Ya tatu na ya nne, hakikupita. Akasema, "Sasa hili ni gati." Akaondoka, na kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba ndefu.

Hapo majini alikuwapo Fisi Maji, mnyama mwenye masharubu na mdomo usiolala. Alikuwa amelala chali akila kaa, kaa akiwa juu ya tumbo lake kama mtu aliyewekewa sinia. Akasema, "Mlekwa, umelifunga gati. Ziwa nalo, umelifunga kwa kamba gani?"

"Kula kaa wako," akasema Mlekwa.

Ujumbe ukapelekwa Ng'ambo. Lakini wakati ujumbe unakwenda, mvua mlimani ikakatika, na ziwa likashusha pumzi. Siku ya harusi, mitumbwi ya Ng'ambo ikatokea na vigelegele vyake. Mlekwa akakimbilia gatini na kanzu yake mpya. Akalikuta gati liko juu, limening'inia kwenye nguzo zake nne, mafunjo yanadondosha matone, na mbuzi wa jirani wamejipumzisha kivulini chini yake.

"Heee, Mlekwa!" akaita Fisi Maji. "Tuliambiwa gati, kumbe ni dari! Nyumba yenyewe inakuja lini?"

Mzee Ruhende akasimama mtumbwini, akatazama juu. "Mkwe," akasema, "binti yangu si kuku, hapandi kichanjani. Geuza mtumbwi."

Hiyo ikawa mara ya kwanza.

Mlekwa hakulala kwa uvivu. Alifungua mafundo, na kuyafungua kulimchosha kuliko kuyafunga. Akalishusha gati mpaka likakaa juu ya maji yaliyonywea, akalifunga tena kwa nguzo, chini zaidi. Wakaimba tena, kaza, ndugu, kaza. Bi Nyamizi akaja na kidole chake, hakikupita.

Lakini mlimani kukanguruma. Ziwa likavuta pumzi. Maji yakaja yakaligusa gati, gati likataka kupanda, kamba zikasema hapana. Maji yakazidi, gati likaguna, kamba zikasema hapana. Maji yakazidi tena, yakapita juu ya fito. Kamba za Kitopeni hazikatiki, na siku ile hazikukatika. Mitumbwi ya Ng'ambo ilipofika, hawakuona gati. Waliona kitambaa chekundu alichokitundika Mlekwa kwenye mti mwembamba kulipamba gati, kikipepea peke yake juu ya maji, na chini yake kambare mkubwa amelala juu ya fito, ametandaza sharubu zake kama mwenye nyumba.

"Pokea mgeni, Mlekwa!" akasema Fisi Maji. "Huyu tayari keshaingia, wala hakukanyaga tope."

Mzee Ruhende akavuta pumzi. Watu wa Ng'ambo wakacheka, isipokuwa mmoja. Sikudhani aliinua ushungi kidogo, akamwambia Mlekwa, aliyekuwa amesimama ndani ya maji hadi kifuani, "Mimi nakungoja. Ila tope bado liko ukingoni, na miguu yangu inafuata desturi, si mimi."

Wakageuza mtumbwi. Hiyo ikawa mara ya pili.

Mlekwa akaketi juu ya ukingo. Akafikiri, akafikiri, akafikiri. Nikikaza, maji yakishuka gati laning'inia. Nikikaza, maji yakipanda gati lazama. Basi kosa ni kukaza. Akaamua neno ambalo hajapata kulisema mtu wa Kitopeni. Akachukua kamba moja ndefu, akafunga ncha moja kwenye jiwe kubwa, akalizamisha kuwa nanga, na ncha ya pili akaifunga gatini. Katikati akaiacha kamba ilegee.

Mji mzima ukaja kutazama kamba iliyolegea. Wengine walifunika watoto macho. Bi Nyamizi akapitisha kidole, kikapita. Akapitisha mkono, ukapita. Akapitisha kichwa, kikapita na kilemba chake.

"Mlekwa," akasema, "nimekukosea wapi?"

"Shangazi, maji yakipanda litapanda nayo. Yakishuka litashuka nayo."

"Na likitaka kutembea?"

Siku ya harusi ikafika. Wazee wa Kitopeni wakapanda gatini na nguo zao nzuri kuwapokea wageni. Kweli, ziwa lilikuwa limepanda, na gati limepanda nalo. Watu wakaanza kutabasamu. Ndipo upepo ukavuma. Upepo ulilisukuma gati polepole, likaenda mpaka mwisho wa kamba, likalivuta jiwe, jiwe likateleza topeni, na gati likaondoka na wazee, ngoma, mikeka na sufuria ya pilau.

Watu wa Ng'ambo walipofika katikati ya ziwa, wakaona kitu kinawajia. Wazee saba wenye kofia walikuwa wamesimama wakishikana mabega, na sufuria inafuka moshi.

"Nini kile?" akauliza Mzee Ruhende.

"Ni gati, baba," akasema Sikudhani. "Limechoka kutungoja, limetufuata."

Akacheka, na mara hii baba yake naye alitaka kucheka, akajizuia kwa ajili ya heshima. Walilikokota gati mpaka Kitopeni, wakala pilau humohumo majini, kwa sababu chakula hakina kosa. Lakini gati lilipoachiwa likaanza kuzunguka tena, likagonga mtumbwi, na hakuna aliyethubutu kushusha bibi harusi juu ya kitu kinachozunguka.

Mzee Ruhende akasema, "Mkwe, umetulisha vizuri. Lakini mara ya tatu imepita. Mwezi ukiandama, yule kijana wa Majabalini atapewa jibu."

Mlekwa akasema, "Mzee wangu, nipe mara moja ya nyongeza. Ya kwanza nimeona maji yanavyoshuka, ya pili nimeona yanavyopanda, ya tatu nimeona upepo. Hakuna kilichobaki kunifundisha."

Mzee Ruhende akamtazama binti yake. Binti yake akatazama sufuria iliyokwisha, akasema, "Kwa pilau hii, baba, mtu hupewa mara moja ya nyongeza."

"Moja," akasema Mzee Ruhende. "Kabla mwezi haujaandama."

Basi Mlekwa akarudi nyumbani na kichwa kilichoinama. Mlangoni Bi Nyamizi alikuwa akimngoja, na safari hii maneno yake hayakuwa machache.

"Umeniaibisha!" akasema, akainua mkono wa kulia juu kumkanya. "Bibi yako alifunga paa ambalo kimbunga kililiacha! Babu yako alifunga ng'ombe kwa singa moja ya mkia wa ng'ombe huyohuyo!" Akashusha mkono, akajipiga paja. "Na wewe mtoto niliyekulisha," akauinua tena, "unafunga kamba inayopitisha kichwa!" Akaushusha. "Kilicholegea," akauinua, "hupotea!" Akaushusha.

Mlekwa alikuwa akisikiliza, lakini macho yake yalikuwa yameshikwa na kitu kingine. Kila Bi Nyamizi alipoinua mkono, bangili ya shaba ilishuka ikasimama karibu na kiwiko. Kila alipoushusha, bangili ilikimbia ikasimama kwenye kiganja. Iliinuka, ikashuka, ikainuka, ikashuka. Haikubana, wala haikuanguka.

"Shangazi," akasema polepole, "hiyo bangili umevaa tangu lini?"

"Usinigeuzie maneno!"

"Nauliza tu, shangazi."

"Tangu nikiwa kigori. Alinivisha bibi yako mwenyewe."

"Haijapotea?"

"Ipotee vipi? Iko mkononi."

"Lakini imelegea."

Bi Nyamizi akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akapitisha kidole chake kidogo chini ya bangili, kile kidole kilichoogopwa na mji mzima. Kikapita. Akapitisha vidole viwili, vikapita. Akauinua mkono, bangili ikashuka. Akaushusha, bangili ikarudi.

"Ajabu," akasema. "Miaka yote hii." Kisha akasema kwa sauti ya kazi, "Umesimama unangoja nini? Kata fito."

Wakakata fito mbichi, wakazipinda duara, wakazisuka zikawa pete kubwa nne, wakazivika ngozi ya ng'ombe. Kila pete ikafungwa kwenye pembe moja ya gati, na hapo mafundo yalikuwa ya Kitopeni hasa: kidole hakikupita, upepo haukupita, chawa hakupita. Lakini ndani ya pete ndimo nguzo ingesimama, na kati ya pete na nguzo paliachwa nafasi.

Pete za kwanza zilikuwa nyembamba, maana mikono ya Kitopeni ilikuwa haijazoea kulegeza. Gati lilipotikisika kidogo likainama upande, pete moja ikauma nguzo, likakwama limepinda kama kofia ya mlevi. Fisi Maji akapiga makofi. Bi Nyamizi akasema, "Bangili yangu ilinibana hivyohivyo nilipokuwa mnene. Panueni." Wakazipanua. Wakazipaka mafuta ya kambare, na wapo waliosema ni yuleyule aliyelala juu ya fito.

Ikaja habari ya nguzo. Zile za zamani zilikuwa fupi. Mlekwa akauliza, "Shangazi, maji yamewahi kufika wapi?"

Vijana wakaonyesha alama ya mwaka jana kwenye ukingo. Bi Nyamizi akatikisa kichwa. "Mama yangu alinionyesha. Mwaka aliozaliwa kaka yangu mkubwa, maji yalifika kwenye jiwe la kusagia la marehemu Bi Namkasi, lile lililo pale juu. Samaki aliingia chini ya kitanda cha mzazi, wakampika wakamlisha mama palepale, ndiyo maana kaka aliitwa Perege."

Vijana wakacheka. "Jiwe lile, bibi? Mbona liko juu, mlangoni mwa mji?"

"Liko pale alipoliacha," akasema Bi Nyamizi. "Na samaki alikuwa perege. Sikusema papa."

Mlekwa akalitazama jiwe. Akatazama mwezi, umebaki mwembamba. Nguzo za urefu ule zilitaka miti mirefu na siku za ziada, na siku za ziada hakuwa nazo. Lakini akasema, "Nguzo zitapita jiwe la kusagia." Akaenda msituni. Alipozileta, watu wakauliza kama anamjengea twiga.

Nguzo ndefu hivyo nani atazichimbia? Mlekwa akamwendea Kiboko, ambaye siku zote alilalamika kwamba gati limejengwa kwenye njia yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja kunipa njia yangu?"

"Nimekuja kukuomba mgongo wako."

"Mgongo wangu unaoga."

"Kuna matikiti, mzee."

Sikio moja la Kiboko likatikisika. "Matikiti ya aina gani?"

"Yaliyoiva."

Likatikisika la pili. "Njia yangu iachwe upande wa mafunjo, na matikiti yaje kabla ya kazi, kwa sababu binadamu husahau akishashiba yeye."

"Yatakuja kabla."

Kiboko akala, akafuta mdomo kwa maji, akazishika nguzo moja moja kwa meno yake, akazisimamisha ndani ya pete, akaziegemea kwa kifua mpaka zikazama chini ya tope na kukuta udongo mgumu. Watu wakaimba, lakini wimbo ulikuwa umebadilika, na aliyeubadilisha alikuwa Bi Nyamizi mwenyewe:

*Kaza hapa, kaza!*
*Legeza pale, legeza!*
*Maji panda, gati panda!*
*Maji shuka, gati shuka!*

Mwisho wakaweka ubao mrefu wa kupitia, unaovuka tope lote. Kichwa chake kilifungwa juu ya ukingo, kando ya jiwe la kusagia. Mguu wake ulilazwa tu juu ya gati, uteleze unavyotaka.

Ujumbe ukaenda Ng'ambo. Na usiku wa mwisho wa mwezi ulipopita, kulipopambazuka siku ya harusi, mlima wote ulikuwa mweusi kwa mawingu.

Mitumbwi ya Ng'ambo ilikuwa katikati ya ziwa maji yalipoanza kuja. Si kama mwaka jana, wala si kama mwaka juzi. Yalikuja mekundu, na magogo na viota vya ndege. Mzee Ruhende akasema, "Tugeuze." Sikudhani akasema, "Baba, tazama kwanza."

Wakatazama. Gati la Mlekwa lilikuwa linapanda. Lilipanda taratibu kama mama mnene anayeinuka kwenye mkeka. Pete nne zikateleza juu ya nguzo nne, kwi, kwi, kwi. Juu yake alisimama Mlekwa na kanzu yake, na pembeni yake Bi Nyamizi, mkono mmoja umeshika nguzo.

Maji yakapita alama ya mwaka jana. Vijana wakaacha kucheka. Gati likapanda.

Maji yakapita mzizi wa mkuyu. Gati likapanda.

Maji yakafika kwenye jiwe la kusagia la Bi Namkasi, yakalilamba, yakalilamba tena, na yakasimama hapo. Gati likasimama. Juu ya pete palibaki nguzo kiasi cha kiganja. Na lile tope lote lilikuwa chini ya maji, na ule ubao uliokuwa ukipanda kama ngazi ulikuwa umelala sawasawa kama kizingiti.

"Kiganja," akasema Bi Nyamizi kwa utulivu, akiwatazama vijana. "Mngetaka tufupishe."

Fisi Maji alielea pale na kaa wake tumboni. Watu wakangoja aseme. Akafungua mdomo, akaufunga, akamla kaa. Ndiyo siku pekee aliyokosa neno.

Mtumbwi ukasogea kama mtu anavyosogelea mkeka. Sikudhani akatoa mguu mmoja, mkavu, akauweka gatini. Akatoa wa pili, mkavu, akauweka. Akasimama. Gati likamwinua kidogo, likamshusha kidogo.

"Mbona linatikisika?" akauliza.

"Linapumua," akasema Mlekwa.

"Haya. Umekuja na panga?"

Mlekwa akainua kanzu, akamwonyesha panga kiunoni. Vigelegele vikapigwa mpaka Kiboko akazama kuokoa masikio yake. Mzee Ruhende akapita juu ya ubao akiupiga kwa kisigino, akitafuta kasoro, hakuiona. Akasema, "Yule wa Majabalini nitamtafutia neno zuri."

Ndipo Bi Nyamizi akatokwa na machozi, akasema, "Mwanangu Sikudhani, bangili hii alinivisha mama yangu, bibi yake mumeo. Leo nakuvisha wewe." Akaivuta. Ikateleza vizuri mpaka kwenye kiganja, ikasimama. Akaivuta tena, ikasimama. Mlekwa akavuta, Sikudhani akavuta, Mzee Ruhende akaleta mafuta ya kambare, ngozi ikawa nyekundu, wote wakaanguka chali juu ya gati wakicheka. Bangili haikutoka.

"Basi," akasema Bi Nyamizi akihema, "itabidi nije nayo mwenyewe kila siku."

"Njoo, shangazi," akasema Sikudhani. "Mlango hatutaukaza."

Na watu wa ziwa lile, mpaka leo, kijana akioa humwambia: usimfunge mwenzio kama mzigo wa kuni, wala usimwache kama gati la upepo, mvike bangili.

Ngano yangu imefika gatini, nami naiacha hapo. Pete ipo, nguzo ipo. Atakayeipokea asiikaze mno, wala asiiache ikachukuliwa na upepo.